Damu ya Moyo na Damu ya Paja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa maabara hii, madaktari wetu, maafisa wa upelelezi, ambao naomba mniwie radhi nikikwepa kuwatazama, maana si dharau, ni mazoea tu, wafanyakazi wa maabara na wa mochwari, mume, watoto na wajukuu wa Bi Subiri, na ninyi ndugu wageni waalikwa, mliopendeza hivi hadi mimi nimeficha viatu vyangu chini ya kiti: nawasalimu nyote kwa heshima. Na kama kuna mwenye cheo niliyemruka, anisamehe. Mistari ya karatasi hii inapishana.

Naomba radhi pia kwa hilo jina. Nimeambiwa pale mlangoni kwamba humu ndani hakuna anayethubutu kumwita Bi Subiri mbele yake. Sasa mimi nifanyeje? Siku niliyokutana naye, kila mtu aliyefungua mdomo aliambiwa subiri. Mpelelezi aliambiwa subiri, wifi yangu aliambiwa subiri, mimi niliyekuwa nalia niliambiwa subiri, nikasubiri nikilia. Ndilo jina ninalomjua nalo, na ndilo ninalomwombea nalo.

Ofisi yenu iliponipigia simu kunialika, niliiona ile namba nikaiacha iite hadi ikachoka. Ikaita tena. Nikaifunika simu kwa mto, kama mtu anayenyamazisha jogoo. Mume wangu alipoipokea yeye, nilikuwa tayari nakunja nguo za mtoto kwenye mfuko, kwa sababu kichwani mwangu hakuna jambo jema linaloweza kutoka kwenye namba ile. Akaniambia, wanataka ukahutubie. Nikamwuliza, kwa kosa gani?

Kumbe Bi Subiri aliulizwa nani azungumze siku anapostaafu, akakataa wakubwa, akasema mtafuteni yule mama wa vidonge. Mama wa vidonge ni mimi. Na hadithi yenyewe bado haijaniacha.

Mama mkwe wangu, marehemu, aliishi nasi. Alikuwa mgonjwa wa moyo na macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo vidonge vyake vya asubuhi, vile vidogo vyeupe, nilimpa mimi kwa mkono wangu. Alivimeza huku ananitania kwamba namlisha kama kuku wa mayai. Tulipendana? Tulipendana kwa namna ya watu wanaogombania jiko moja. Binti yangu alikuwa bado ananyonya, na kwa sababu ana paji la uso la bibi yake, tulimwita Bibi Mdogo. Basi nyumba ikawa na mabibi wawili, mmoja hana meno kwa sababu yameng'oka, mwingine hana kwa sababu hayajaota, na wote wawili wakitaka uji wakati mmoja.

Asubuhi moja nilimkuta Bibi Mkubwa ametulia kitandani kupita kawaida yake. Sitaeleza zaidi, kila mmoja hapa ana kitanda chake cha namna hiyo moyoni.

Kwa kuwa alifia nyumbani na hakuna daktari aliyemwona karibuni, polisi walisema mwili uchunguzwe. Sawa. Ilikuwa siku za mapumziko, mwili ukasubiri mochwari, ndipo ukafanyiwa uchunguzi na damu ikaletwa hapa kwenu. Majibu ya kwanza yalipotoka, yalisema dawa ya moyo imekutwa kwenye damu kwa kiwango kikubwa, mara kadhaa kupita kinachotakiwa. Nani alikuwa anampa dawa? Mimi. Nani aligombania jiko? Mimi. Mnaona ilivyokuwa rahisi?

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na mkono wake unajulikana mtaa mzima, alimchukua Bibi Mdogo mgongoni kwangu siku ileile niliyoitwa kituoni. Alimfungua mbeleko mwenyewe, taratibu, bila kuniangalia. Akasema, "Huyu hatalelewa na mikono hiyo."

Ndugu wageni, nilikaa kule nikiulizwa swali moja: una uhakika hukumpa zaidi? Nilijibu nina uhakika. Wakauliza tena. Nikajibu. Wakauliza tena kwa sauti ya upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya, maana nikaanza kujiuliza na mimi. Mtu anayeamka mara tatu kunyonyesha, asubuhi anafanya mambo kwa mazoea ya mikono. Je, mikono yangu ilifanya jambo ambalo kichwa hakikuliona? Ukiulizwa swali moja hivyo, hata jina lako utalitilia shaka. Maziwa yalinijaa hadi yakavuja, nikayakamua kwenye sinki la kituo, nikimwaza mtoto aliye upande mwingine wa mji anayelia kwa ajili ya kile kinachoshuka kwenye bomba. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mabomba na si mtu wa maneno, alikuja kuniona akasimama kama mtu aliyeletewa wagonjwa wawili na dawa moja. Aliniuliza mara moja tu. "Mke wangu, labda ulikosea?" Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya watu wote, lakini kwa hilo neno "labda" sikuwa nimejiandaa.

Ndipo nikaletwa hapa maabara, na mpelelezi, na kopo la vidonge, kwa sababu kuna mama mmoja humu ndani alikuwa amekataa kuweka sahihi yake ya mwisho kwenye yale majibu. Na wifi yangu alikuwepo, ameitwa aeleze magonjwa ya mama yake. Bi Subiri aliingia na miwani yake imening'inia kifuani, hakutusalimia, akamwonyesha mpelelezi kichupa cha damu ya marehemu.

"Damu hii ilichotwa wapi?"

"Mochwari, mama."

"Sikuulizi chumba. Nakuuliza mwilini."

Mpelelezi akaitazama lebo. Lebo ilikuwa na tarehe, ilikuwa na lakiri isiyovunjwa, ilikuwa na kila kitu, na mahali pa kuandika kilichomo iliandikwa damu. Basi. Mpelelezi akasema damu ni damu tu, mama. Na Bi Subiri akamwambia subiri.

Alipiga simu mochwari. Yule aliyechota, kijana wa watu, alikuwa peke yake na kazi imemlemea, akajibu kwa uaminifu kwamba alichota kwenye moyo, kwa sababu pale ndipo damu inapopatikana kirahisi. Hakudanganya, hakuficha. Kama yuko hapa leo, kaka yangu, mimi sina kinyongo na wewe. Ungesema ulichota kwenye paja ili ulinde kibarua chako, nisingekuwa nimesimama hapa.

Sasa nyie wataalamu mtanivumilia nieleze kama nilivyoelezwa, maana wamo wageni wenzangu waliokuja kula keki tu. Nilimwuliza Bi Subiri, kuna tofauti gani? Akaniuliza, unafua nepi za mtoto? Nafua. Umewahi kuziloweka beseni moja na nguo nyekundu mpya? Nani hajawahi. Akasema, basi chukulia ile nguo nyekundu ni nyama ya moyo na ini. Mtu akiwa hai, dawa nyingine hupenda kwenda kujificha kwenye nyama hizo, na uhai ndio unaoishikilia pale. Akifa, nyama inaachia, dawa inaanza kuchuja kidogo kidogo kuingia kwenye damu iliyo karibu nayo, kama rangi inavyochuja kwenye maji. Kadiri mwili unavyokaa ndivyo inavyochuja zaidi. Ukichota maji pembeni mwa ile nguo nyekundu, utasema beseni lote ni damu tupu. Ukichota upande wa mbali, utakuta ni maji yenye wekundu wa kuhisi tu. Paja liko mbali na moyo na ini. Jicho nalo lina maji yake, yamejifungia peke yake kama maji ya dafu. Huko ndiko anakotaka kwenda kuuliza.

Nikapumua. Nikasema, kwa hiyo mimi sina kosa. Akanitazama juu ya miwani.

"Mimi sikufanyii kazi wewe. Paja likisema kama moyo ulivyosema, nitaandika hivyo hivyo."

Mheshimiwa mgeni rasmi, niliwahi kuogopa nyoka, radi, na chumba cha kujifungulia. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa sentensi hiyo. Lakini leo nawaambia, ndiyo sentensi iliyoniokoa. Angeniambia usijali mwanangu, majibu yake yangekuwa na thamani gani?

Ili kupata damu ya paja ilibidi kurudi mwilini, na mwili ulikuwa uzikwe siku ileile. Wifi yangu aliposikia mazishi yanasogezwa mbele alisimama, akaweka mkono juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu mmemkata mara moja, hamkutosheka?" Bi Subiri alisema subiri, na safari hii hata yeye mwenyewe sauti ilimshuka. Wakaondoka, yeye na daktari wa uchunguzi, kwenda mochwari. Akabaki wifi upande mmoja wa ule ukumbi wa kusubiria, nami upande mwingine, na Bibi Mdogo amelala mapajani mwake akiota. Nilijua anaota kwa sababu alikuwa ananyonya hewa.

Nimeelezwa baadaye yaliyofanyika, na siyajui yote. Daktari alifunga mshipa wa paja kwa juu, akachota chini yake, ili damu ya moyoni isiteremke ikachanganyika. Wakachukua maji ya jicho, mkojo, kipande cha ini, na kilichokuwa tumboni, kuona kama kuna rundo la vidonge. Kila kimoja kwenye chupa yake, na safari hii kila lebo imeandikwa mahali kilipotoka. Chupa ya damu ina chumvi maalumu, kwa sababu vijidudu vikiachwa vinaweza kupika pombe ndani ya damu ya mtu ambaye hajawahi kuonja hata tone, na watoto wake wakaambiwa baba yenu alikufa mlevi. Mlijua hayo, ndugu wageni? Mimi sikujua. Nilidhani mashine inaulizwa, inajibu, basi. Kumbe mashine hujibu kile tu ilichopewa, na kosa la mlangoni linasafiri na jibu hadi mwisho limevaa koti jeupe.

Walipima, wakapima tena kwa njia nyingine. Nasikia wapo waliomwambia Bi Subiri kwamba namba ya kwanza inatosha, kesi za vidonge za nyumbani ziko nyingi. Sitasema ni nani, kwa sababu mmoja nimeona anaangalia dari.

Majibu yakatoka. Damu ya paja na maji ya jicho vilisema dawa ipo, kwa kiasi cha mtu anayemeza dawa yake kama alivyoandikiwa. Tumboni hakukuwa na rundo lolote. Na daktari alikuwa ameandika tangu mwanzo kwamba mshipa wa moyo wa marehemu umeziba, ila nani husoma habari za mshipa akishaona maneno dawa imezidi? Bibi Mkubwa alikufa kwa moyo wake. Nilitaka kumpigia Bi Subiri magoti, akanizuia. Nikamwambia, mama, umewaonyesha kwamba mimi ni mtu mwema. Akasema, "Chupa hazisemi nani mwema. Zimesema tu kwamba dawa haikumuua." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tulizika. Bibi Mdogo alirudishwa kwangu. Na hapo wengi wenu mnadhani hadithi imeisha, maana faili limefungwa na kabati limefungwa. Ndipo naomba masikio yenu zaidi, hasa ninyi mnaobaki kazini yeye akiondoka.

Wifi yangu alipewa habari kwa mdomo, mlangoni, na mtu mwenye haraka: hakuna kesi, dawa haikuzidi. Basi. Alisikia namba ya kwanza ikisema nimeua, akasikia ya pili ikisema sikuua, na katikati hakuna mtu aliyemweleza kitu. Mlitaka aelewe nini? Alielewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: ya pili imenunuliwa.

Tangu hapo alikuja nyumbani kwangu kila wiki kumwona mtoto, na kila alipokuja alibeba chupa yake ya maji kwenye mkoba. Alikaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango. Nilimkaribisha chakula, akasema ametoka kula. Nilimkaribisha chai, akasema joto. Siku ya baridi nilimkaribisha tena, akasema tumbo. Hakunitukana hata siku moja. Alinishonea hata magauni ya mtoto. Lakini Bibi Mdogo alipomega andazi langu akataka kumlisha shangazi yake, alifunga midomo, akageuza uso, na mtoto akadhani ni mchezo, akacheka, akaendelea kulisukuma. Mimi nilitoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Je, kuna mahakama inayoweza kutoa hukumu juu ya kikombe cha chai ambacho hakikunywewa? Nililala na hofu kwamba binti yangu atakua, atauliza mbona shangazi hali kwetu, na mtaani watamjibu kabla yangu.

Basi mlipoomba nihutubie, nilihitaji mtu wa kunisikiliza nikijaribu. Mume wangu alilala kwenye salamu. Nikamfuata wifi kwenye cherehani yake, nikamwambia, wewe endelea kushona, nisikilize tu kama naenda kasi. Akashona. Nikasoma. Nilipofika kwenye beseni, zile nepi, ile nguo nyekundu, mguu wake ukasimama. Akasema rudia. Nikarudia. Akauliza, kwa hiyo inachuja? Nikamwambia inachuja. Akashika kipande cha kitambaa chekundu kilichokuwa mezani, akakisugua kwa kidole gumba, kama anavyofanya akipelekewa kitambaa asichokiamini. Miaka yote anawaonya wateja wake, hiki kinachuja, msikiloweke na vyeupe. Hakuna mtu katika mji mzima ambaye angeelewa upesi kuliko yeye, na hakuna aliyemwambia. Hata mimi, kwa sababu niliogopa kwamba nikieleza nitaonekana najitetea.

Akauliza, "Na hili mlikuwa nalo siku zote?" Akakanyaga cherehani, akashona mshono wote hadi mwisho, akakata uzi. Akaniambia pale mwanzoni ninakwenda kasi mno.

Wafanyakazi wa maabara, na ninyi maafisa ambao sasa nimeanza kuwatazama, ombi langu ni hilo tu. Andikeni mahali damu ilipotoka, alivyowafundisha. Na majibu yakitoka, mwelezeni na yule aliyenyoosha kidole. Yeye naye amefiwa. Bi Subiri anaondoka, na sitawaficha, jambo hilo linaninyima usingizi, kwa sababu kuna mama mahali fulani sasa hivi anampa mkwewe kidonge, na hajui kwamba maisha yake yatategemea kama mmoja wenu atauliza swali moja kabla ya kuweka sahihi. Atakuwepo wa kuuliza? Natumaini. Nawaangalia nyuso zenu, na natumaini.

Bi Subiri, mama yangu, hukuniahidi kitu, na kila ulichokisema nilikipata. Kapumzike. Wajukuu wako wakikuharakisha, unajua la kuwaambia.

Namalizia. Leo asubuhi wifi alikuja kunichukua, amevaa vizuri, na mkoba wake. Nilikuwa nimepika chai, nikashindwa kuinywa kwa hofu ya kusimama hapa. Nikaiacha mezani nikamvalisha mtoto viatu. Nilipoinua kichwa, kikombe changu kilikuwa mkononi mwake. Alikunywa. Si kwa kuonja, alikunywa hadi nikaona kitako cha kikombe. Akafuta mdomo akasema, "Wifi, sukari unaizidisha."

Ndugu wageni, mngetegemea nifurahi. Niliogopa. Nikafikiri, akiugua tumbo leo, hata kwa keki yenu, itakuwaje? Kwa hiyo tangu nimesimama hapa, mnaodhani namtazama mgeni rasmi, mnisamehe, nimekuwa nikimtazama yule dada wa kilemba cha bluu safu ya tatu, amempakata Bibi Mdogo. Nimemtazama kwenye kila sentensi. Ameniruhusu kuyasema haya yote. Hatoki jasho. Rangi yake ni nzuri. Sasa hivi amepiga miayo, na anazungusha mkono kuniambia nimekwenda taratibu mno, nishuke.

Nashuka, wifi. Jioni nitapunguza sukari.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.